Fundi Cherehani wa Mlango wa Pili

Nilipanga chumba cha kazi pale Turwa, mjini Tarime, kwa sababu baraza lake lilikuwa pana na lilitazama barabara. Kwamba mlango wa pili alikuwapo fundi cherehani, hilo halikunisumbua. Fundi redio na fundi cherehani hawagombanii mteja. Mmoja anashona sare za shule na kupunguza suruali, mwingine anafufua televisheni. Tungeweza kukaa baraza moja mpaka uzeeni, tukiazimana viti na magazeti. Ndivyo nilivyofikiri.

Jina lake silitaji, na waliomjua hawahitaji nilitaje. Asili yake naiacha vilevile. Wengine walisema ni mtu wa pwani, kwa ajili ya kofia yake iliyofumwa kwa mkono na jinsi alivyotamka maneno taratibu hadi mwisho. Wengine walisema alikulia Mugumu, mambo ya pwani alirithi tu. Sikuwahi kumuuliza. Mtu unayemwonea wivu humuulizi alikotoka. Unamtazama tu anakoelekea.

Nimelitaja neno lenyewe mapema ili nisilizunguke. Nilimwonea wivu yule mzee kwa miaka mingi, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana alipokwenda msikitini, na hata hapo nilikuwa nikitazama vitu alivyoviacha juu ya meza.

Mimi nina cheti. Nilikaa chuo cha ufundi miaka mitatu, nikarudi Tarime nikakitia cheti kwenye fremu na kukitundika mahali ambapo mteja akiingia ni lazima akione. Juu ya mlango niliandikiwa kibao kwa rangi nyekundu. Yeye hakuwa na kibao. Alikuwa na cherehani ya miguu iliyokaa nje barazani, vitambaa vya sare za kijani na za buluu, na boksi la viatu chini ya meza. Ndani ya boksi ndimo mlimokaa ugonjwa wangu: waya, vipande vya redio zilizokufa, vimota vya midoli, na baadaye zile bodi ndogo za buluu, ukubwa wa kiberiti, ambazo unaziandikia maagizo kwenye kompyuta nazo zinayatii.

Hakuwa akiuza alivyotengeneza. Aliita mchezo. Kazi yake ilikuwa kushona, na baada ya swala ya adhuhuri, wakati jua linapowafukuza wateja barabarani, alivuta boksi kwa mguu, akasema, "Haya, tucheze kidogo." Alijifunza kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wahindi, Wachina, sijui Wabrazili. Lugha zote hizo hakuzijua, na sauti alikuwa ameizima.

"Sasa unaelewa nini, mzee?" nilimuuliza siku moja.

"Naitazama mikono," akasema. "Maneno yananichanganya."

Mimi nilikuwa nimesoma kwa Kiingereza, kwa vitabu, kwa mitihani, na nilikuwa nimesahau nusu.

Kitu kilichonichoma kwanza ni jina. Mtu akifika barazani aliita, "Fundi yupo?" Mwanzoni nilijua anayeitwa. Aliyebeba kitambaa alimtaka yeye, aliyebeba redio alinitaka mimi. Baada ya mwaka mmoja hivi nikaanza kuona mtu amekumbatia redio yake, ananipita, anakwenda kusimama mbele ya cherehani. Yeye alimnyooshea kidole mlango wangu: "Mwenyewe yule pale, fundi mkuu. Mimi nashona tu." Alipenda kuniita hivyo, fundi mkuu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye alijibu, "Marahaba, fundi mkuu," na kila asubuhi nilijiuliza kama ananicheka. Sasa najua hakuwa akinicheka. Ingekuwa nafuu.

Alikuwa na kasoro zake, na mimi nilizitunza. Alikuwa mwongo wa siku. Sijapata kuona mtu aliyeahidi kesho kama yeye. Shule zikifunguliwa, akina mama walijaa barazani wakimfokea, na watoto wao walikwenda darasani na sare za mwaka uliopita, mikono imeishia kwenye viwiko. "Kesho, mama, inshallah, vifungo tu vimebaki," naye kitambaa hajakigusa. Nilikaa ndani ya chumba changu nikiwasikiliza wanavyomsema, na moyo wangu ulipata ahueni.

Tena aliogopa umeme. Huwezi kuamini, lakini ni kweli. Vitu vyote alivyotengeneza vilikula betri. Umeme wa ukutani hakuugusa. Balbu yake ikiungua alikuja kusimama mlangoni kwangu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, na mimi nilikwenda, nikapanda juu ya kiti, nikaibadilisha, huku yeye amerudi nyuma hadi barabarani. "Unanguruma ule," aliniambia. "Wewe huusikii?"

Na mkasi. Michoro yake yote aliitoa bure. Aliichora kwa chaki kwenye yale makaratasi ya kaki anayokatia vipimo vya nguo, akaitundika ukutani, na yeyote aliyetaka alinakili au kupiga picha. Lakini mkasi wake hakumwazima hata mkewe. Uzi pia. Ukimwomba kipande cha uzi cha kufungia mfuko alikupimia kwa jicho kali, akakata kifupi kuliko ulichoomba. Nilishindwa kabisa kumwelewa mtu anayegawa akili yake na kuficha uzi wake.

Dhahabu ilipoonekana kwenye mashamba ya kule Matongo, ikaja hali ile ambayo wachimbaji wanaiita rashi. Watu walihamia juu ya eneo kwa wiki moja, mahema yakasimama, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yakachimbwa karibu karibu kama matundu ya mchwa, na kila bodaboda ya Tarime ilielekea huko na sururu zimefungwa nyuma. Waliokuwa na uwezo walikodi detekta, zile mashine za kutambua chuma na dhahabu ardhini. Wasiokuwa na uwezo walichimba kwa kubahatisha.

Fundi cherehani alitazama video zake siku kumi, kisha akatengeneza detekta. Koili yake aliisokota kwa kile kigurudumu cha cherehani kinachojaza uzi kwenye bobini. Alikanyaga pedali taratibu, waya wa shaba ukajipanga mzunguko juu ya mzunguko, umenyooka kuliko wa kiwandani. Mpini ulikuwa bomba la maji. Koili aliilaza ndani ya mfuniko wa ndoo. Akaweka pete ya mkewe chini ya majani nje ya baraza, akapitisha mfuniko juu yake, na kitu kikalia.

Watu walipiga makofi. Mimi niliinama nikatazama alivyolehemu. Risasi ilikuwa imebandikwa mabonge mabonge, kazi ambayo mwalimu wangu wa chuo angenirudishia usoni. "Maungio haya hayatadumu," nikasema.

"Kweli, fundi mkuu. Mkono wangu mzito huku. Nifundishe siku moja."

Sikumfundisha. Alipokwenda msikitini Ijumaa ile, nilinakili mchoro wake kutoka ukutani, ingawa ningeweza kuunakili mbele yake akafurahi. Nikatengeneza yangu nyumbani, nyuma ya jiko, kwa maungio yanayong'aa. Ikawa inapiga kelele muda wote, iwe kuna chuma au hakuna. Wiki mbili nilihangaika nayo. Mke wangu, Ghati, alinitazama nikiifungua kwa mara ya sita.

"Wewe unaumwa jirani," akasema.

"Naumwa nini?"

"Jirani. Hukohoi, huna homa, lakini unaumwa jirani."

Mwishowe fundi cherehani alinikuta nayo barazani. Aliikagua bila kuniuliza niliutoa wapi mchoro, akaenda kwenye boksi lake, akarudi na karatasi za rangi ya fedha zinazotoka ndani ya pakiti za sigara. Akaivika koili, akaiunganisha na waya mmoja. Kimya. Akapitisha funguo zake. Ikalia vizuri kabisa.

"Ilikuwa inasikia kila kitu," akasema. "Sasa inasikia inachotakiwa."

Nilimshukuru. Usiku sikulala.

Miaka ile ndipo mchezo wake ulipopata wenzake. Kila Jumapili alasiri baraza lilijaa: dereva wa bodaboda aliyetaka pikipiki yake imtumie ujumbe ikiibwa, muuguzi aliyetaka friji ya chanjo ipige kelele umeme ukikatika, mwalimu wa sekondari, akina mama wawili wafugaji wa kuku waliotengeneza kitotoleshi kwa boksi na balbu. Wote walikuwa watu wa kazi nyingine. Kijana mfanyabiashara aitwaye Otieno, ambaye ndugu zake nusu wako Kenya, alileta bodi kutoka Nairobi kupitia Sirari. "Mzee, mzigo yako iko sawa," alikuwa akisema akishuka kwenye pikipiki. "Hii moja imekam na ile kitu uliitisha ya kunusa." Walicheka, waliunguza vitu, walianza tena. Mlango wangu ulikuwa wazi hatua nne kutoka walipokaa. Walinikaribisha kila Jumapili. Kila Jumapili nilisema nina kazi.

Hicho kitu cha kunusa ndicho kilichotuleta tulikofika.

Kule Matongo maduara yalianza kufika kwenye maji. Pampu iliyokaa juu haikuweza kuyavuta kutoka kina kile, kwa hiyo waliishusha pampu ya petroli hadi katikati ya shimo, ikakaa kwenye kidato kilichochongwa ubavuni mwa shimo ikinguruma, na moshi wake ukashuka kwa wanaochimba. Moshi wa namna ile una sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu anajisikia usingizi, anakaa chini apumzike, haamki. Kiongozi wa duara moja, mtu mzima aitwaye Wambura, alikuja kushonesha maturubai, akasimulia habari ya vijana wa duara la jirani yao waliokufa hivyo. Fundi cherehani aliacha kukanyaga pedali.

Baada ya mwezi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye matundu ubavuni. Ndani mlikuwa na bodi ya buluu, king'ora cha pikipiki, betri, na kile kidude cha kunusa sumu ambacho yeye alikiita pua. Kopo lilishushwa kwa kamba hadi walipo wachimbaji. Pua ikinusa sumu, king'ora kinalia, watu wanapanda. Wambura alilichukua, hakulipa kitu, akamwachia mzee kuku.

Kwa wiki mbili lilifanya kazi. Kisha likaanza kulia ovyo. Asubuhi lilisema kweli. Ikifika saa nane mchana lilipiga kelele, watu wanapanda mbio, hewa nzuri, siku imepotea. Mara tatu, mara nne. Vijana wakaanza kulitukana.

Fundi cherehani alikuja mlangoni kwangu na kopo mkononi.

"Fundi mkuu, hebu nisaidie. Nimetazama mikono yote ya dunia, sijaona jibu. Asubuhi linasema kweli, mchana linaongopa. Kwa nini?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Pua ile ina kinyuzi cha moto ndani yake kinachotaka umeme usiopanda wala kushuka. Betri ikichoka, moto unapungua, na pua inasoma uongo. Kilichohitajika ni betri kubwa zaidi na kipande kidogo cha miguu mitatu cha kuuweka umeme sawa, kitu cha kutoa kwenye televisheni mbovu. Nilikuwa navyo droo nzima. Mkono wangu ulikuwa juu ya droo hiyo wakati anaongea.

"Vidude vya bei rahisi ndivyo vilivyo, mzee," nikasema. "Hakuna dawa."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nakushukuru," akasema, na akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya tatu Wambura alikuja, na safari hii hakwenda mlango wa pili. Alisimama mbele ya fremu yangu, akakisoma cheti hadi chini.

"Mura, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Niambie ukweli. Lile kopo la mzee ni kitu cha kuaminika?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu siku niliyopigilia kile kibao. Mtu amefika, amempita yeye, amekuja kwangu. Utamu ule naukumbuka mpaka leo, na naona aibu kwamba naukumbuka.

"Ni mchezo," nikasema. "Mwenyewe anauita mchezo. Litawapotezea siku zenu tu."

Alasiri ile kopo lilirudishwa kwa mwenyewe. Alilipokea, akaliweka juu ya vitambaa.

Ilikuwa asubuhi, yapata saa nne, wiki moja baadaye. Simu yake ililia. Alisikiliza, akasimama, kitambaa kikaanguka. "Watatu hawajibu," akaniambia. "Duara la Wambura." Alibadilisha betri ya kopo, akapakia mpya. Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma, kopo limebanwa kati yetu.

Pale shimoni watu walikuwa wamejaa. Pampu ilikuwa imezimwa kutoka juu, kwa kamba iliyofungwa kwenye swichi yake. Vijana wawili walikuwa wamejifunga kiunoni tayari kushuka. Fundi cherehani alipenya, akashusha kopo. Halijafika hata nusu likaanza kulia, sauti ikipanda kutoka chini kama mtoto aliyebanwa.

"Msishuke," akasema. "Pulizeni hewa kwanza. Atakayeshuka sasa atalala nao."

"Kopo hilo linaongopa!" kijana mmoja akapiga kelele. "Kila siku linaongopa! Ndugu zetu wako chini!"

Wakamsukuma. Kofia yake ilianguka kwenye tope. Wambura alinitafuta kwa macho katikati ya watu hadi akanipata.

"Wewe. Linasema kweli au linaongopa?"

Fundi cherehani naye alinitazama. Hakujua ninachojua. Alikuwa akinitazama kama mtu anayengoja kusaidiwa.

"Linasema kweli," nikasema. "Asubuhi huwa halikosei. Linasema kweli."

Wambura hakuondoa macho yake usoni kwangu kwa muda mrefu. Kisha akawazuia vijana kwa mkono. Waliazima mashine ya kupuliza hewa kutoka duara la jirani na bomba refu la plastiki, wakapuliza. Mke wa mmoja wa waliokuwa chini, Bhoke, alikuwa ameketi juu ya lundo la mawe, hapigi kelele, anatazama tu kamba. Sijui ilichukua muda gani. Kopo lililia, likalia, kisha likanyamaza, na hapo vijana wakashuka.

Walitolewa watatu, wote wakipumua. Wawili walisimama wenyewe baada ya siku chache. Wa tatu, Mwita, mume wa Bhoke, alilazwa majuma mengi. Alirudi nyumbani anatembea, anakula, anacheka, lakini kuna kitu kilibaki kule chini. Anakuanzia habari na kuipoteza katikati. Majina ya watoto wake anayachanganya. Alikuwa mchimbaji hodari. Sasa anapelekwa malishoni na ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaomrudisha.

Hakuna aliyenilaumu. Wambura hakuja tena mlangoni kwangu, basi. Fundi cherehani alijilaumu yeye. Kila mwezi alipanda bodaboda kwenda Matongo na kilo za unga na sukari, mwanamume aliyebania uzi, na akirudi hakugusa cherehani siku nzima. Jumapili aliwafundisha wale wenzake kutengeneza makopo. Nami nikaona wivu hata juu ya huzuni yake, kwa sababu yeye angeweza kuionyesha.

Halafu, miezi mingi baadaye, alikuja mbio mlangoni kwangu, mzee mzima, ameshika futi yake ya kitambaa.

"Fundi mkuu! Nimelipata! Ni betri! Betri ikichoka, pua inapoa, inasema uongo. Kuna kitu chenye miguu mitatu, ngoja nikuonyeshe." Na akanieleza. Akachora sakafuni kwa chaki. Alikuwa na furaha iliyochanganyika na uchungu. "Ningejua mapema," akasema. "Laiti kungekuwa na mtu wa kuniambia mapema."

Nikasema, "Ajabu kweli."

Ndilo neno nililopata. Ajabu kweli.

Mkewe alipofariki alifunga duka, akahamia Robanda kwa binti yake aliyeolewa na mfanyakazi wa kambi za watalii. Alipakia cherehani, boksi, na makaratasi yake ya kaki. Aliniachia benchi. Baraza lote likawa langu, na mteja akiita fundi, ni mimi. Nilidhani nitapona. Lakini wenzake wa Jumapili walihamia kwenye uwanja wa yule mwalimu wa sekondari, na nilibaki nikisikiliza barabara.

Mwaka jana kambi moja iliniita Robanda kutazama betri zao za sola. Nilimaliza mapema, nikaulizia. Kila mtu alimjua. "Mzee wa tembo," walisema. Kando ya mashamba ya mahindi na mtama niliona vijisanduku juu ya miti, kila hatua hamsini. Nikamkuta chini ya paa la bati, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi, amezungukwa na wakulima wanne wanaolehemu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa na maungio mazuri kuliko yangu.

"Fundi mkuu!" Alisimama kwa shida. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Akanionyesha kila kitu: waya mwembamba unaoguswa na tembo, taa zinazowakawaka, na sauti ya nyuki, ambao tembo huwaogopa, inayotoka kwenye spika. Aliiwasha ili nisikie. Nyuki wakajaa chini ya bati mchana kweupe, na mtoto mgongoni akaanza kulia, wote wakacheka. "Hawa wanarekebisha wenyewe," akasema. "Mimi siku hizi nakaa tu nawakosoa."

Nilitazama, na wivu ule ule ukaamka. Baada ya miaka yote. Hapo nikajua hautatoka wenyewe.

Nikamwomba tusogee kando. Tulisimama kwenye ukingo wa shamba, na nikamwambia. Nilimwambia juu ya siku aliyokuja na kopo, juu ya droo, juu ya mkono wangu juu ya droo. Nikamwambia nilichomjibu Wambura. Sikupunguza.

Nilikuwa nimeichora picha ya siku hiyo mara nyingi kichwani. Ndani yake aliniwekea mkono begani, akasema alijua siku zote na amekwisha kunisamehe. Kwa kweli hakujua kitu. Niliona uso wake ukibadilika kipande kwa kipande. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ana hasira.

"Miezi yote ile," akasema. "Niliamka usiku nikijiuliza nimekosea wapi. Nilidhani ni mkono wangu."

"Najua, mzee."

"Hujui." Alitazama vijisanduku vyake. "Mwita umemwambia?"

"Hapana."

"Mkewe?"

"Hapana."

"Basi umekosea mlango." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. "Umetoka Tarime mpaka huku kunipa mimi mzigo ambao si wangu. Nenda kwao. Ukitoka kwao, kama bado unataka kuniona, uje. Sasa hivi sitaki kukuona."

Hakuniita fundi mkuu. Aligeuka akarudi chini ya bati. Hasira yake ilikuwa safi, haikumwonea mtu, na nikaamini kwamba hata katika hilo ananishinda. Niliondoka bila kuaga.

Matongo nilifika kesho yake, kabla ya saa sita. Mwita alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, ng'ombe wako zizini bado. Bhoke alikuwa akianika mtama. Nikawaamkia, nikapewa kiti, nikasema nilichokuja kusema, yote, nikimtazama Mwita machoni kwa sababu niliona ndivyo inavyotakiwa. Alinisikiliza kwa makini sana. Aliitikia kwa kichwa mahali panapostahili. Nilipomaliza alitabasamu kwa upole, akamgeukia mkewe, kisha akanigeukia mimi.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Ulikuwa unasemaje?"

Bhoke alikuwa amesimama na ungo mikononi, mtama umemwagika miguuni pake. Yeye alikuwa amesikia. Hakulia, wala hakunitukana. Aliniangalia kama alivyoiangalia ile kamba.

"Mwambie tena," akasema. "Na kesho uje umwambie tena."